Linux imeingia, laptopu haibuti: anza na maandishi ya kwenye skrini

Usakinishaji umekwenda mpaka mwisho bila kulalamika. Umeambiwa uchomoe flashi na ubonyeze Enter. Umebonyeza, na sasa kuna mstari mmoja wa maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, basi. Wengi hapo hurudisha flashi wakasakinisha upya. Ikigoma tena, wanajaribu toleo jingine la Linux, kisha jingine. Jamaa mmoja aliniletea mashine akiwa ameshasakinisha mara tano, kapitia Mint, Ubuntu na Debian, na nilipofungua diski nikakuta Linux imekaa humo salama salmini. Kilichokosekana ni njia ya kuifikia, na njia hiyo ilitengenezwa kwa amri mbili.

Kwa hiyo usisakinishe upya bado. Piga picha ya skrini kwa simu, kwa sababu maandishi mengine hupita upesi kuliko jicho, kisha ujiulize: haya yameandikwa na nani?

Nani anaongea?

Tangu ubonyeze swichi mpaka uone dawati, kazi inapita mikono mitatu. BIOS, programu iliyomo kwenye mazabodi, huamka kwanza, hutafuta diski na kusoma mwanzo wake, kisha huikabidhi GRUB kazi. GRUB huipakia kerneli, yaani kiini cha Linux, kwenye kumbukumbu. Kerneli ndiyo inayokwenda kuitafuta patisheni (kipande cha diski) yenye mfumo wenyewe. Kila mmoja akikwama hulia kwa sauti yake.

`No bootable device`, `Operating System not found`, `Boot device not found`, `Reboot and select proper boot device`: hiyo ni BIOS, na maana yake haijaiona GRUB kabisa. Neno `grub` likitokea popote pale, BIOS imeshapokeza kijiti. Ukiona mistari mingi yenye namba ndani ya mabano ya mraba upande wa kushoto, au alama ya `(initramfs)`, hapo inaongea Linux yenyewe na GRUB haina kosa. Kutambua hili kunakupunguzia theluthi mbili za kazi, na ndiyo maana huwa nasikitika mtu anaponiambia kwa simu kwamba "imeandika kitu cha error".

BIOS haioni pa kubutia

Hapa ndipo laptopu nyingi za zamani hukwama, kwa hiyo tukae kidogo.

Ingia kwenye BIOS. ThinkPad nyingi hutumia F1, Dell na Acer F2, HP F10. Tazama kama diski imetajwa kwa jina au ukubwa wake. Kama haipo, achana na Linux kwanza: zima, toa betri, fungua kifuniko cha diski, ichomoe na kuirudisha kwa nguvu kidogo. Laptopu za mtumba zimesafiri mbali, na diski kulegea kwenye soketi yake si jambo la ajabu.

Ukiwa humohumo, angalia tarehe. Ikiwa imerudi miaka mingi nyuma, betri ndogo ya mazabodi, mara nyingi CR2032, imekufa. Betri hiyo ikifa, mipangilio hurudi ilivyotoka kiwandani kila unapochomoa chaja: uliyoiweka Legacy (njia ya zamani ya kubuti) inajikuta UEFI (njia mpya), uliyoiweka AHCI inajikuta IDE, ambazo ni namna mbili za kuzungumza na diski. Ndiyo mashine zile zinazobuti leo na kugoma kesho, na mwenyewe anaapa kwamba hajagusa kitu. Anasema kweli.

Kama diski inaonekana, fanya jaribio ambalo watu hulisahau: rudisha ile flashi na uwashe. Kama badala ya skrini ya kusakinisha inafunguka Linux uliyokwisha kuisakinisha, jibu umelipata. GRUB iliandikwa kwenye flashi badala ya diski. Linux hupa diski majina kwa mpangilio wa kuzigundua, `/dev/sda`, `/dev/sdb` na kuendelea, na mara nyingine flashi ndiyo inayowahi kuitwa `sda`. Kisakinishi kikauliza GRUB iwekwe wapi, wewe ukachagua `/dev/sda` kwa mazoea. Dawa ni kuiandika tena mahali pake, kwa njia nitakayoieleza chini.

Flashi ikifungua skrini yake ya kawaida, mshukiwa wangu anayefuata ni mgongano wa UEFI na BIOS ya zamani, ile inayoitwa Legacy au CSM kwenye mipangilio. Laptopu za takriban 2010 hadi 2014 ndizo zenye balaa hili kuliko zote, kwa sababu zinajua kubuti kwa njia zote mbili na hazikuulizi unataka ipi. Ukifungua menyu ya kubuti, F12 kwenye Dell na Lenovo nyingi, F9 kwenye HP, utaona flashi ileile imeandikwa mara mbili, mara moja ikiwa na neno UEFI mbele yake. Ukichagua moja, kisakinishi kinasakinisha kwa njia hiyo. Kama BIOS imepangwa kubuti diski kwa njia nyingine, hazionani.

Washa kwa flashi, ingia kwenye mfumo wa majaribio bila kusakinisha, fungua teminali:

```
ls /sys/firmware/efi
sudo parted -l
lsblk -f
```

Amri ya kwanza inakueleza flashi imebuti vipi: folda ikiwepo ni UEFI, ukiambiwa haipo ni Legacy. Angalia, inazungumzia flashi, sivyo diski ilivyosakinishwa. Habari za diski zimo kwenye amri ya pili. Tafuta mstari wa `Partition Table`. Ukisema `msdos`, diski imepangwa kwa mtindo wa zamani wa MBR. Ukisema `gpt`, mtindo mpya, tazama alama za patisheni: `esp` maana yake usakinishaji ulikuwa wa UEFI, `bios_grub` maana yake ulikuwa wa Legacy juu ya GPT.

Diski yenye `esp` kwenye laptopu inayojua UEFI haina shida kubwa. Rudi kwenye BIOS, weka UEFI, na kwa zile zilizokuja na Windows 8 kuanzia 2012 zima na Secure Boot, angalau mpaka mashine ibuti. Lakini diski hiyohiyo, kwa mfano iliyosakinishwa kwenye mashine nyingine kisha ikahamishwa, ukiipachika kwenye laptopu ya 2007 isiyojua UEFI hata kwa jina, haitabuti ukeshe. Inabidi iwekewe GRUB ya Legacy, na kwenye GPT GRUB hiyo inadai patisheni ndogo ya kujihifadhi, MB 1 inatosha, isiyofomatiwa, yenye alama ya `bios_grub`. GParted, programu ya kupanga patisheni, inaiweka kwa dakika mbili kama kuna nafasi tupu. Bila patisheni hiyo, `grub-install` italalamika kwamba GPT haina `BIOS Boot Partition`, na mwongozo mwingi utakaoukuta utakushauri uongeze `--force`. Usiongeze. Utapata mashine inayobuti mpaka siku mfumo utakapohamisha faili moja.

Kuna BIOS za ukaidi ambazo hata ukifanya yote hayo zinagoma. Zinaangalia kama kuna patisheni yenye alama ya kuwa hai, na zisipoiona zinasema hakuna mfumo, ingawa GRUB yenyewe haina habari na alama hiyo. Kwenye `msdos` iweke hivi:

```
sudo parted /dev/sda set 1 boot on
```

Kwenye GPT ya Legacy amri ni tofauti kidogo:

```
sudo parted /dev/sda disk_set pmbr_boot on
```

Mstari huu wa pili umewahi kuniokoa baada ya saa tatu za kuhangaika na laptopu moja ambayo kila kitu chake kilikuwa sahihi. Tangu siku hiyo naujaribu mapema, hauharibu data.

Kwa upande wa UEFI nako kuna vituko. UEFI za miaka ya mwanzo mara nyingine husahau jina la mfumo ulioandikishwa, au hutafuta faili la Windows tu na kupuuza mengine. Ukiwa umebuti flashi kwa UEFI, `sudo efibootmgr -v` inaorodhesha majina yaliyoandikishwa. Kama la Linux halipo, au lipo lakini mashine inaliruka, andika GRUB kwenye njia ya akiba ambayo karibu kila UEFI hulazimika kuiangalia, `EFI/BOOT/BOOTX64.EFI`. Neno la kuongeza ni `--removable`, utaliona chini. Kwenye Acer kadhaa lazima kwanza uweke neno la siri la msimamizi ndani ya BIOS ndipo kipengele cha kuchagua faili la EFI la kuaminiwa kifunguke. Usilisahau hilo neno la siri, maana kulitoa ni shughuli nyingine.

Na kama una laptopu ndogo yenye Atom ya kizazi cha Bay Trail, au Mac ya 2006 na 2007, jua kwamba prosesa yaweza kuwa ya biti 64 huku UEFI yake ni ya biti 32. Inatafuta `BOOTIA32.EFI`, nawe umempa lile la X64. Pakiti inayohitajika kwenye Debian ni `grub-efi-ia32`.

Kuangalia kwa macho sekta ya kwanza

Kabla hujaandika chochote kwenye diski ya Legacy, itazame. BIOS ya zamani husoma sekta moja tu, baiti 512 za mwanzo kabisa. Kati ya hizo, 446 ni za msimbo wa kubutia, 64 zinashika jedwali la patisheni nne, na 2 za mwisho ni muhuri. Hapo hapatoshi hata barua fupi, ndiyo maana GRUB huweka kipande kidogo pale na mwili wake mahali pengine.

```
sudo head -c 512 /dev/sda | hexdump -C
```

Shuka mpaka mstari wa mwisho wa data. Lazima uishe kwa `55 aa`. Usipouona muhuri huo, BIOS haihangaiki na kilichobaki. Kisha tazama safu ya kulia karibu na mstari wa `00000180`: GRUB ikiwepo utasoma `GRUB .Geom.Hard Disk.Read. Error`. Hayo ni maneno yake ya kulalamikia, yanakaa pale yakisubiri siku ya kuhitajika. Ukikuta nukta tupu, hakuna aliyeandika GRUB kwenye diski hiyo, na hakuna haja ya kubishana na BIOS.

Kuirudisha GRUB bila kusakinisha upya

Hizi ni amri za Debian, Ubuntu, Mint na ndugu zao. Badilisha `sda1` kwa patisheni yenye Linux yako, ile ambayo `lsblk -f` imeionyesha kuwa `ext4` na ina ukubwa unaoutarajia.

```
sudo mount /dev/sda1 /mnt
for d in dev proc sys run; do sudo mount --rbind /$d /mnt/$d; done
sudo chroot /mnt
```

Sasa upo ndani ya mfumo uliosakinishwa. Kwa Legacy:

```
grub-install /dev/sda
update-grub
```

Ni `sda`, diski nzima, si `sda1`. Kuongeza namba pale mwishoni ndilo kosa ninalolikuta zaidi kwa watu waliojaribu wenyewe. Ikisema haina `i386-pc`, mfumo uliwekwa kwa UEFI. Ukiwa na intaneti, `apt install grub-pc` inamaliza hilo.

Kwa UEFI, flashi lazima iwe imebuti kwa UEFI:

```
mount /boot/efi
grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi --removable
update-grub
```

Andika `exit`, zima, chomoa flashi, washa.

`grub rescue>`

Hii huwatisha watu kuliko inavyostahili. Kipande kidogo cha GRUB kimepakiwa lakini hakijui folda ya `/boot/grub` imekwenda wapi. Hutokea ukifuta patisheni moja na namba za nyingine zikasogea, au umeme ukikatika wakati GRUB inaandikwa. Usizime. Andika `ls`, itakupa orodha kama `(hd0) (hd0,msdos1) (hd0,msdos5)`. Zipitie moja moja kwa `ls (hd0,msdos1)/` mpaka upate inayoonyesha `boot` na `etc`. Kisha:

```
set root=(hd0,msdos1)
set prefix=(hd0,msdos1)/boot/grub
insmod normal
normal
```

Menyu ikija, ingia Linux, fungua teminali na uandike `sudo grub-install /dev/sda` na `sudo update-grub`, la sivyo kesho utaanza upya.

Kama ujumbe ulioandamana nayo ni `symbol not found`, kuna GRUB mbili za umri tofauti zinazogombana. Mara nyingi laptopu ina diski mbili, SSD ndani na diski ya zamani kwenye nafasi ya DVD. Masasisho yanaandika GRUB kwenye moja, BIOS inabuti kutoka nyingine. Iandike kwenye zote mbili ulale.

Laptopu za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina ugonjwa wao peke yao: BIOS zake hazisomi diski kupita GB 137, kwa kuwa zinahesabu sekta kwa biti 28. Ukiweka diski ya GB 320, Linux yenyewe inaiona yote, lakini GRUB inategemea macho ya BIOS, na `/boot` ikiangukia ng'ambo ya mpaka huo haifikiki. Tenga patisheni ya `/boot` ya MB 500 au GB 1 mwanzoni mwa diski.

Menyu ya GRUB inakuja, halafu kimya

Skrini ikiwa nyeusi huku taa ya diski inacheza, Linux huenda imebuti na tatizo ni kadi ya picha. Kwenye menyu bonyeza `e`, nenda mwisho wa mstari unaoanza na `linux`, ongeza `nomodeset`, kisha F10. Ikifunguka, tafuta draiva kwa utulivu.

Ukiambiwa kerneli inahitaji `x86-64 CPU` lakini imekuta `i686`, prosesa ni ya biti 32 na diski imetoka mashine nyingine. Tafuta Debian 12, kwa sababu Debian 13 ya 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32. Pentium M za mwanzo hulalamika kuhusu `pae`. Kisakinishi kikiwashwa kwa neno `forcepae`, nyingi hupita.

Ukitua kwenye `(initramfs)` na ujumbe kwamba UUID (namba ya utambulisho ya patisheni) fulani `does not exist`, andika `blkid`. Kama UUID hiyo ipo kwenye orodha, diski ilichelewa tu kuamka: ongeza `rootdelay=10` mahali pale ulipoweka `nomodeset`. Kama ipo nyingine, patisheni ilifomatiwa upya; rekebisha `/etc/fstab` kupitia chroot kisha `update-grub`. Kama `blkid` haionyeshi chochote, huenda BIOS imeweka diski kwenye hali ya RAID, ile ya kuunganisha diski kadhaa. Ibadilishe iwe AHCI. Na kama ujumbe unataka `fsck`, umeme ulikatika vibaya: `fsck -y /dev/sda1`, kisha `exit`.

Diski yenyewe

Pengine hii ningeiweka mwanzo. Diski ya laptopu ya 2009 imezunguka miaka mingi, na usakinishaji wa Linux ndiyo mara ya kwanza baada ya muda mrefu kuandikwa sehemu ambazo hazijaguswa. Inakubali kuandikwa, inakataa kusomwa. Kwenye mfumo wa flashi naandika `sudo smartctl -A /dev/sda`, amri inayosoma afya ya diski, na macho yangu huenda kwenye mistari mitatu: `Reallocated_Sector_Ct`, `Current_Pending_Sector` na `UDMA_CRC_Error_Count`. Huo wa tatu ukipanda peke yake, lawama ni ya soketi au kebo. Wa pili ukiwa juu ya sifuri na unaongezeka, usihangaike na GRUB: nakili mafaili, nunua SSD ndogo. Ukiisikia diski inagonga tik-tik na kunyamaza, hata smartctl huna haja nayo.

Ikigoma kabisa

Kuna BIOS ambazo sijawahi kuzishinda. Kwa hizo natafuta flashi kongwe ya GB 1 au 2, ile fupi isiyojitokeza sana, nafuta kila kilichomo, naifanyia patisheni mpya, kisha ndani ya chroot naandika `grub-install /dev/sdb` badala ya `sda`, baada ya kuhakiki kwa `lsblk` kwamba `sdb` ndiyo flashi. BIOS inabuti flashi, GRUB inavuka kwenda kwenye diski, Linux inafunguka. Laptopu ya binti mmoja wa jirani inafanya kazi hivyo mwaka wa tatu sasa. Flashi imebandikwa utepe mwekundu ulioandikwa "usichomoe".